Mapasa Wawili na Ushanga Mmoja

Utotoni mwangu, pale Kabambare, hakuna aliyethubutu kunipa ndizi mimi peke yangu. Tulikuwa mapasa, watoto wa mimba moja, mimi Kabange na dada yangu Kyungu aliyetangulia kutoka. Kwetu iliaminika kwamba pasa mmoja akipewa kitu na mwenzake akakosa, hasira ya aliyekosa humla mwenzake mpaka afe. Basi tulipewa sawa kwa sawa, hata makofi.

Baba alibeba pembe za ndovu katika misafara ya Waungwana, wale wafanyabiashara Waislamu waliotoka pwani. Siku moja alirudi kutoka Kasongo, Kyungu akamkimbilia kabla yangu, naye kwa furaha akamvika ushanga wa buluu. Ulikuwa mmoja tu. Bibi, mama yake mama, akashika kichwa.

"Umefanya nini? Ule mwingine iko wapi?"

"Nitamletea safari nyingine," Baba akasema, akacheka.

Mimi sikucheka. Niliutazama ushanga ule ukipanda na kushuka shingoni mwa Kyungu alipokula, alipoongea, alipolala. Jina lake lilitajwa kwanza siku zote, na sasa hata shingo yake ilikuwa nzuri kuliko yangu. Nilitamani uzi ukatike. Zaidi ya hapo sikutamani kitu.

Baba alipoondoka tena, Kyungu alishikwa na homa. Bibi akanihamishia nyumbani kwake, ng'ambo ya ua, nisimtazame mgonjwa. Wakamvua ushanga wakanivika mimi. Mganga akanipaka udongo mweupe, wakanisihi, "Mutoto, musamehe dada yako." Nikasema nimemsamehe. Homa ikazidi, wakanitazama kama mwongo. Na kweli wivu haukuwa umeniacha, maana sasa mama alishinda kwa Kyungu mchana kutwa, na kwangu hakuja hata kidogo.

Wakati huo barazani kwetu alikaa mwanamke aliyeachwa na msafara uliotoka ziwani, mguu wake umevimba. Aliitwa Maria, amelelewa na mapadri kule Tanganyika. Mchana mmoja, wanawake wamejaa chumbani na wengine wameanza kulia, mama alitoka kupumua. Maria akamsimulia habari za mkubwa mmoja aliyemwendea Yesu kwa ajili ya binti yake. Wakiwa njiani, watu wakaja kusema mtoto amekwisha kufa.

"Yesu akamwambia, usiogope, amini tu. Akawatoa nje waliokuwa wakilia. Akamshika mtoto mkono, mtoto akaamka."

"Huyo ndiye Nabii Isa wa Waungwana?" mama akauliza.

"Ndiye."

"Na yule baba, hakuogopa?"

"Aliogopa, dada. Lakini aliendelea kutembea naye."

 Mama akaingia ndani, akawatoa wanawake wote, akavuka ua kuja kunichukua. Bibi akasimama mlangoni.

"Ukimuingiza huyu, atamumaliza mwenzake."

"Naogopa, mama," mama akasema, wala hakuniachia mkono. "Lakini wote wawili ni wangu."

Akanilaza mkekani kando ya Kyungu. Nilijibana ukutani nisimguse, kwa sababu mimi pia nilikuwa nimeshaamini kwamba naua. Mama akauchukua mkono wangu, akauweka kifuani mwa dada yangu, akaushikilia pale. Jua lilipoanza kushuka, Kyungu alilowa jasho, akafumbua macho.

"Kabange," akanong'ona, "sogea, unanibana."

Alipona polepole. Alipochinjiwa kuku, yeye alipewa paja, mimi bawa, na wivu ukanirudia mzima mzima. Nilishikwa na hofu, nikamwambia mama.

"Ona wivu, mutoto wangu," akanijibu. "Lakini kula."

Siku hizi nikiisikia habari ile kanisani, watu husifu imani iliyomwamsha binti. Mimi humfikiria mama. Sijui kama Kyungu aliponywa, au homa ilikuwa imefika mwisho wake. Bibi mpaka anakufa alishikilia kwamba ni ule ushanga niliovikwa mimi ndio uliomponya. Ninalolijua ni kwamba mama alipovuka ua hakujua kama Kyungu ataishi. Kama angekufa mchana ule, mkono wangu ukiwa kifuani mwake, mji mzima ungeniita muuaji. Mama alilijua hilo, akanishika mkono hivyo hivyo.