Uzi wa kwanza haulii

Jamani, tangu asubuhi kichwa changu kinaelea ziwani.

Mama Neema wa Katonga kaniletea nimtengenezee gitaa la umeme la marehemu mumewe, mvuvi. Kwaya inalihitaji Jumapili.

Nyuzi tano zinalia vizuri kwenye spika. Wa kwanza, kimya!

Nikafungua, nikachomelea waya upya. Kimya.

Kumbe uzi wenyewe si chuma, ni mshipi wa kuvulia! Sumaku ya gitaa la umeme hunasa chuma tu; spika itausikiaje?

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Alikuwa anapigia mtumbwini, mwanangu. Huko hakuna spika."

Nikazima spika, nikaugusa ule mshipi. Ukalia taratibu, kama maji yanayogusa ubao wa mtumbwi.

Mama akafumba macho.

Nikamwonyesha uzi mpya wa chuma. Akalibeba gitaa lake.

"Kwaya wataimba na nyuzi tano."

Nyie mngembishia?