Tundu Aliloliziba Fikirini

Kibao cha Fikirini pale sokoni Masasi kimeandikwa CHENYE MSHALE HAKINISHINDI, na kwa miaka mingi hakuna aliyethubutu kukibishia. Saa za ukutani, mizani za korosho, mita za spidi za bodaboda, vyote vimepita mikononi mwake vikatoka vinasema kweli, au walau uongo mdogo. Shule aliiacha darasa la sita kwa sababu mwalimu alikuwa anamchelewesha. Maneno yake hayo, msiniulize mimi.

Basi Gerson, Baba Oliva, mwenye mashamba ya korosho na kindege cha viti viwili, akamjia na altimita, ile saa inayoonesha ndege imepaa juu kiasi gani. Mshale ulikuwa mvivu. Mafundi wenye leseni wako Dar es Salaam, na Gerson si mtu wa kungoja.

"Utaiweza?"

"Baba Oliva, kibao umekisoma?"

"Nimekisoma. Ila mimi nina desturi yangu. Nikishaijaribu peke yangu juu ya kiwanja cha ndege, safari ya kwanza ya Newala fundi anapanda na mimi."

Fikirini, ambaye hajawahi kupanda hata paa la nyumba yake, alicheka kicheko cha mtu aliyekanyaga mwiba mbele ya wakwe.

Akaifungua. Ndani kulikuwa na kikopo chembamba kinachovimba na kunywea kadiri hewa inavyobadilika, na vumbi la njano la salfa, ile tunayopulizia mikorosho. Vumbi linaingia kwenye uji, litaiachaje ndege? Akapangusa kwa brashi, akaenda kiwanjani akairudisha mahali pake. Kisha akaizunguka ndege mikono nyuma, kama jogoo aliyenunua nyumba. Ndipo ubavuni akaona tundu, dogo kama la sindano.

Sasa mjue, Fikirini kwao Kitangari. Huko maji yalikuwa yakipandishwa kutoka bondeni kichwani mwa mtu, na ndoo yenye tundu inafika nyumbani nusu, pamoja na ugomvi. Mtu wa Kitangari tundu analiziba kwanza, maswali baadaye. Akatoa mfukoni gundi ya mkorosho, akaziba, akalainisha kwa kidole, akapaka na rangi nyeupe kidogo hata mwenyewe hakuona alipoziba. Hakusema kitu. Ilikuwa bakshishi.

Gerson akaruka, akatua uso umekunjamana.

"Fundi! Nimepaa mpaka vilima vya mawe nikaviona kama mafiga, mshale haujatikisika! Mwanzo ulikuwa mvivu, sasa umekufa kabisa."

Fikirini akaifungua tena. Kikopo kizima, springi nzima, mshale mwepesi kama unyoya. Akaifunga. Akaifungua. Akaona bora aipeleke mlimani yeye mwenyewe, kwa bodaboda ya Nasibu, njia ya Newala, altimita mapajani kama mtoto mchanga. Walipoanza kupanda ukingo wa uwanda wa juu, mshale nao ukaanza kupanda.

"Nasibu, simama! Unapanda!"

"Sasa mlima tungeupandaje, mzee, kwa kushuka?"

Wakageuza, wakashuka, mshale ukashuka. Fikirini akaimba njia nzima. Akairudisha ndani ya ndege, Gerson akaruka, mshale ukalala palepale.

Hapo akili ya mtu mzima ilivurugika. Barabarani hai, angani maiti! Nyumbani alitia chumvi kwenye chai akainywa yote.

"Mama Faidha, chombo kinaweza kuwa kizima kwenye pikipiki na kigonjwa kwenye ndege?"

"Labda kinaogopa kupaa," mkewe akajibu, "kama bwana wa nyumba hii."

Kisha Gerson akatuma neno: kesho wote wawili Newala, anga ni jeupe, fundi akauone mwenyewe huo mshale unavyolala. Fikirini akawa na njia mbili tu. Aseme imemshinda, akang'oe kibao mbele ya soko zima, au apae na saa isiyojua ardhi iko wapi. Alikwenda kiwanjani bila kuamua, na pochi akaiacha nyumbani ili mjane asisumbuke.

Mguu mmoja ukiwa tayari kwenye ngazi, akatafuta swali la kuvutia muda.

"Kwanza, Baba Oliva, hiyo hewa inaifikiaje altimita?"

"Kwenye tundu la ubavuni."

"Tundu... gani?"

"Hili hapa." Gerson akanyoosha kidole, kidole kikakosa. Akapapasa, akainama, akavaa miwani. "Lilikuwa hapa! Tundu linaweza kuibiwa?"

Wangeweza kulitafuta mpaka msimu mpya wa korosho. Fikirini alitazama miguu yake, akatazama mbingu alikokuwa anapelekwa, mbingu ikashinda.

"Nimeliziba."

"Umeliziba? Kwa nini?"

"Lilikuwa wazi!"

Gerson akavua miwani.

"Si wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta?" Fikirini akajitetea.

"Wahenga hawakuwa na ndege, Fikirini!"

Wakalizibua kwa sindano na mafuta ya taa. Akapanda, maana sasa sababu zilikuwa zimekwisha. Kitangari kwao yote ilipita chini yake, mabati yanang'aa, yeye hakuiona. Macho yalikuwa kwenye mshale, na mshale ulikuwa unapanda. Newala alishuka wa kwanza. Kurudi alirudi kwa bodaboda.

Kibao kipo mpaka leo. Ila jioni ile Mama Faidha alimpa ndoo inayovuja, naye akaigeuza, akaweka kidole juu ya tundu, akatulia.

"Mbona huzibi?"

"Ngoja. Hili kwanza limetobolewa na nani?"

"Na msumari!"

"Na msumari ulikuwa na maana gani?"

Mama Faidha akamgusa paji la uso kuona kama ana homa.