Waya wa Honi Uliokatwa Uru

Siku yangu ya kwanza karakana, mjini Moshi, Mkuu wa Karakana alinipa taa ya kupimia, yaani balbu ndogo yenye nyaya mbili, akasema, "Fundi umeme haulizi dereva. Anauliza waya." Baada ya miaka mingi nilihamishiwa Holili, kwenye malori ya mpakani. Huko vipuri vilikuwa vikipotea, na Msimamizi wa Zamu alitupekua mifuko kila tulipotoka. Ndipo nilipojifunza kumshuku kila mtu, na nimestaafu na tabia hiyo.

Majuzi honi ya gari langu ilinyamaza nyumbani, Uru. Kona zetu zimezibwa na migomba. Bila honi sishuki mjini. Elisante, fundi wa kijijini, alikuwa ametoka kunibadilishia oili. Nikajua ameniibia honi nzuri, akaniwekea mbovu. Nikampigia simu.

"Elisante, honi yangu iko wapi?"

"Shikamoo mzee. Mimi nimegusa oili tu."

"Kwa hiyo imekufa yenyewe?" Nikakata simu.

Nikafungua boneti, mke wangu akakaa kwenye usukani kunibonyezea. Fyuzi ilikuwa nzima. Rilei, kile kiboksi kinachoipelekea honi umeme, ililia tik. Nikaiunga honi moja kwa moja na betri, ikalia hadi ng'ombe wakashtuka. Ilikuwa honi yangu ileile. Nikafuata waya wa ethi, unaorudisha umeme kwenye bodi, nikaukuta umekatwa. Tena umetafunwatafunwa kama kwa mkasi butu. Fundi ana praizi, hukata mara moja.

"Mama Ndeshi, nani amegusa gari hili?"

Hakuachia usukani. "Mimi, Baba Ndeshi. Nimeishi na fundi, waya wa honi naujua. Juzi pale konani yule mama mwenye majani ya ng'ombe aliruka mtaroni kukukwepa. Nilijua bila honi hutashuka tena."

"Mama gani? Mimi sikuona mtu!"

"Ndicho ninachokuambia."

Niliunga waya nikiwa nimenuna, nikauzungushia utepe. Kisha nikaenda kwa miguu hadi kwa Elisante, nikamwomba radhi mbele ya wateja wake. Funguo za gari nikampa binti yetu, Ndeshi.

Ninyi mnaoanza kazi hii, pimeni kila waya, lakini watu waulizeni kwa upole. Mimi nilichelewa kujifunza hilo. Siku hizi nakaa kiti cha pembeni. Ndeshi akisema, "Baba, unapungiwa mkono," nami nauinua wangu, nikitabasamu, bila kujua ni nani.