Wa Kwanza Kuchukuliwa Ruiru

Besiboli ilifika Thika mikononi mwa mwalimu mmoja Mmarekani, kijana mwembamba aliyekuja kwa kujitolea kufundisha hesabu katika sekondari moja nje kidogo ya mji. Sijui ni nani aliyemwambia kwamba tulikuwa tukiukosa mchezo huo. Alikuja na gunia la glovu, magongo machache na subira ambayo sijaiona tena kwa mtu, na kabla ya mwaka kwisha mji ulikuwa na timu tatu. Kulikuwa na timu ya kiwanda cha nguo, timu ya watu wa mananasi, na yetu ya mtaa wa Majengo, iliyozoa kila aliyebaki. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mimi nilikuwa fundi cherehani, kijana wa umri wa kuoa ambaye hakuwa ameoa, na mama yangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia.

Nilicheza mahali ambapo wengine walipakataa. Nilikuwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, waya usoni na godoro kifuani, akingoja mpira unaokuja kwa kasi ya kuvunja meno. Ninaposema godoro sitanii. Kinga ya kifua niliishona mwenyewe kwa sponji ya godoro kuukuu na kitambaa cha suruali za wanafunzi. Jumapili nilikuwa wa kwanza kufika uwanjani, kwa sababu wenzangu karibu wote walikuwa kanisani na mimi ni Mwislamu. Nilichora mistari kwa chokaa, nikaikagua, kisha nikakaa juu ya gunia la glovu nikisikiliza nyimbo za makanisa matatu zikigongana hewani. Nilizipenda saa hizo kwa sababu nilijua kuna watu wanaokuja.

Aliyenifanya nijue hivyo ni mrushaji wetu, mekanika wa jua kali, Mkikuyu mrefu mwenye mkono mzito na maneno machache. Mrushaji na mdakaji huongea kwa vidole. Mimi naonyesha kati ya magoti yangu ni mpira gani nautaka, yeye anakubali au anatikisa kichwa, na mpigaji aliye katikati yetu hajui chochote. Baada ya msimu mmoja yeye hakutikisa kichwa tena. Mazoezi yakiisha tulikwenda kwake Makongeni, na nilikaa huko hadi giza liingie. Mkewe alikuwa akinunua nyama ya Jumapili kwenye bucha ya Waislamu, mbali zaidi na ya bei zaidi, ili nami nile. Hakuwahi kulitaja jambo hilo. Nililigundua mwenyewe kutoka kwenye karatasi iliyofungiwa nyama, yenye jina la bucha hiyo.

Basi mwalimu akasema Ruiru nao wanataka timu.

Alituita darasani kwake Jumamosi moja, timu zote tatu, akatueleza ubaoni jinsi mambo hayo yanavyofanywa kwao. Ligi kubwa ya huko, ile ya wachezaji wa mshahara, ilikuwa imeongeza timu mbili mpya. Timu mpya haiwezi kuanza na viatu vitupu, alisema, kwa hiyo kila timu ya zamani huichangia watu. Lakini haichangii wote. Kwanza inaruhusiwa kuficha kumi na tano wake, wale isiotaka waguswe, na waliobaki wanaachwa wazi. Timu mpya zinachagua kwa zamu kutoka kwa walioachwa wazi, mmoja baada ya mwingine. Timu ikinyang'anywa mtu inaongeza wachache kwenye waliofichwa, isije ikachunwa hadi mfupa. Alisema ujanja wote uko katika kuficha. Unaficha vijana wenye kesho, na unawaacha wazi wazee wenye mishahara minono, tena unaomba Mungu wachukuliwe.

Tulicheka sana hapo. Kisha akatupunguzia hesabu ili itufae sisi, kila timu ifiche wanane, na akatupa wiki moja.

Kikao chetu tulikifanya kwenye kibanda cha chai cha kapteni, mzee wa makamo aliyekuwa akichoma chapati na kuamua ugomvi wa mtaa mzima. Nilikwenda nikiwa nimetulia. Hakukuwa na mdakaji mwingine Thika wa kunifikia, na hata waliokuwa hawanipendi walilijua hilo. Nilitaka kufichwa kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Katika chumba changu hakukuwa na sauti nyingine ila cherehani, na timu ile ndiyo iliyokuwa ikiniuliza nimelalaje.

Lakini kikao hakikuanza na nani anajua kucheza. Kapteni alimwaga chai, akauliza ni nani ataumia akipelekwa Ruiru. Aliuliza kama mambo yanavyoulizwa kwenye matanga au harambee, na watu wakajibu vivyo hivyo. Mmoja alikuwa na mapacha wachanga. Mmoja alikuwa na mama mgonjwa asiyeweza kuachwa jioni. Mwingine alikuwa katikati ya ruracio, hajamaliza kupeleka mbuzi kwa wakwe, na akionekana anahangaika Ruiru wakwe watasema nini. Wote hao walifichwa. Mmoja wao, Mungu amrehemu, hakuwahi kuugusa mpira kwa gongo tangu azaliwe, lakini alikuwa na watoto wanne, na mtu wa watoto wanne hatupwi njiani.

Mimi nilikuwa nikiitikia kwa kichwa. Kila sababu ilikuwa ya haki. Sikuona zilikokuwa zikielekea mpaka makapera wengine wote walipokwisha kuachwa wazi, nafasi ikabaki moja, na waliobaki tukawa mimi na bwana mmoja muuza mitumba ambaye mkewe alikuwa mjamzito. Nikamtazama mrushaji wangu, kwa sababu hapo ndipo mtu alipaswa kusema neno, na yeye ndiye aliyekuwa na neno la kusema.

Akalisema. "Huyu hana mtu," alisema, akanielekezea kidevu. "Cherehani inabebwa. Wacha yeye aende, huyu mwingine yuko na watu wanamngoja."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kwa upole, kama mtu anayemsaidia kapteni kubeba sufuria ya moto. Kapteni akaniuliza kama ni sawa, nikasema ni sawa, na chai ikaongezwa. Mimi nilidhani nina yeye. Nilitembea hadi chumbani na fikira hiyo moja tu, na niliilalia na kuamka nayo.

Siku ya kuchagua, mwalimu alisoma karatasi za timu zote tatu na uso wake ukabadilika rangi. Aliuliza kama hatukuchanganya, kama waliofichwa si ndio walioachwa wazi. Kapteni wa kiwanda cha nguo akamhakikishia kwamba ni sahihi. Wao pia walikuwa wamemficha mtu wa mapacha wao, na watu wa mananasi walikuwa wamewaficha wazee wao wote, ikiwa ni heshima. Wapigaji bora wa Thika, wakimbiaji, wadakaji, wote walikuwa nje kwenye baridi, kwa kosa la kutokuoa. Mwalimu alifungua mdomo kutueleza upya, kisha nafikiri akaona hakuna la kueleza. Akakaa.

Kapteni mpya wa Ruiru, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Gitothua, ndiye aliyekuwa wa kuchagua. Kwanza alinichagua mimi. Watu walipiga makofi. Mmarekani alinishika mkono na kuniambia kwamba kwao mtu wa kwanza kuchukuliwa hutiwa picha gazetini, na mama yake huikata na kuitunza. Nilimshukuru. Mrushaji wangu alikuwa akipiga makofi pamoja na wengine, tena kwa nguvu, na nilimchukia kwa kila kofi.

Hakuna aliyesema nihame. Ningeweza kubaki Majengo na kwenda Ruiru siku za mazoezi tu. Nilihama kwa hasira. Nilipata chumba mtaa wa Kimbo, hukohuko Ruiru, kwenye ploti yenye milango kumi na bomba moja, na mwenye duka la jirani akanikodisha pembe ya baraza niweke cherehani. Biashara haikuwa mbaya. Wanafunzi walichana suruali Ruiru kama walivyozichana Thika. Jirani zangu walinisalimu vizuri asubuhi, sasa, poa, na kila mmoja akafunga mlango wake. Nilipopika nilipika kidogo, na bado kilibaki.

Timu ya Ruiru ilikuwa hatari. Mtu asingetarajia vingine, maana tulikuwa tumeokota wazuri wote. Nililishona vazi letu mimi mwenyewe, kijani na mfuko mmoja kifuani ambao mwalimu alisema hauna kazi katika besiboli. Tuliwafunga watu wa mananasi, tukawafunga watu wa nguo, na kila tuliposhinda nililiona jambo lilelile. Mchezo ukiisha hakuna aliyebaki. Kule Majengo tulikuwa tukichelewa hadi wake zetu, wake zao niseme, watume watoto kutuita. Ruiru kila mtu alikunja nguo zake, akasema haya basi, akaenda zake upande wake. Tulikuwa timu ya watu wasio na mtu, na kumbe watu kama hao wakikutana hawajui waanzie wapi. Hatukuwa na nyumba hata moja ya kwenda kukaa.

Siku moja nilimwalika kijana wetu aliyelinda besi ya kwanza aje anywe chai kwangu. Alikuja, akanywa, tukaongea juu ya mvua. Alikaa kwenye kitanda kwa kuwa sikuwa na kiti cha pili. Alipoondoka nilinunua kiti cha pili, na sikumbuki kama kuna aliyekikalia.

Mechi na Majengo ilikuja miezi mingi baadaye, uwanjani kwao. Nilifika mapema kwa mazoea nikakuta mistari imeshachorwa, imepinda. Mke wa kapteni alinisalimu kwa mikono miwili. Wengine walinitania kuhusu vazi la kijani, wakaniita mheshimiwa, nami nikawajibu ipasavyo. Mrushaji wangu wa zamani nilimwepuka hadi mchezo ukaanza. Lakini mdakaji hawezi kumwepuka mtu. Zamu ya kila mpigaji ikifika, anakuja kusimama hatua moja mbele ya uso wako, na mnakaa hapo wawili, karibu kuliko watu wanavyokaa kanisani.

Alikuja na gongo begani. Alikuwa amepungua kidogo.

"Ulipotea," alisema bila kugeuka.

"Mlinipeana," nikamwambia.

Mrushaji wetu wa Ruiru alikuwa akitazama vidole vyangu, akisubiri nimwambie arushe nini, nami vidole vilikuwa vimekwama.

"Ni timu ilikupeana," alisema. "Kwangu hakuna mtu alikupeana. Mimi nilisema huna mtu wa kukuzuia kwenda Ruiru, nikajua Jumapili utakuja tu. Tulikungoja, bwana. Mama watoto alikungoja mpaka akachoka kuniuliza."

Refa alituambia tucheze. Nilionyesha mpira wa polepole, wa chini, kwa sababu nilijua hauwezi, na kweli aliukosa. Nikauonyesha tena, akaukosa tena. Sijui kwa nini sikuonyesha mwingine. Labda nilikuwa nikimwadhibu, na labda ni mpira tu uliokuwa wa haki kuutaka. Tulishinda. Wenzangu wa kijani walikunja nguo zao, wakasema haya basi, nami sikwenda nao. Mrushaji wangu wa zamani alikuwa amesimama kando ya mstari uliopinda akinisubiri, glovu kwapani, na tulitembea hadi Makongeni tukizungumza habari za kabureta ya gari la mtu ambaye simjui.

Mkewe alipofungua mlango aliweka mkono mdomoni. Kisha akaniambia karibu, karibu ndani, na akafuta kiti kwa leso kabla sijakikalia. Binti yao alikuwa amekuwa mrefu. Mtoto huyo alikuwa akilala kifuani mwangu, juu ya ile sponji, mpaka mate yake yakaacha alama isiyotoka. Sasa alinitazama, akakimbilia nyuma ya pazia la kitanda, na akaanza kulia.

"Usiogope," mama yake alimwambia. "Njoo umsalimie mgeni."

Hakukusudia kitu. Alikuwa akimfundisha mtoto adabu, kama mama yeyote. Mume wake alitazama sakafu. Nikasema mtoto aachwe, ana usingizi, na mkewe akapata namna ya kutoka: akachukua kibeti kutoka juu ya kabati na kwenda dukani. Zamani nilipofika pale alikuwa akinituma mkaa kabla sijavua viatu, na nikichelewa alinigombeza. Alirudi na soda moja, baridi, akaifungua mbele yangu, akaiweka juu ya stuli iliyotandikwa kitambaa. Wao hawakuwa na soda. Walinitazama nikinywa, nikainywa yote, na nilipomaliza nikasema asanteni sana, nimeshukuru, kama mgeni anavyosema, na hakuna aliyenitania.