Walioniachia na Walioniachilia

Nyuma ya mlango wangu kulikuwa na misumari, na kila msumari ulibeba ufunguo wa mtu. Hiyo ilikuwa mtaani Umoja, mjini, miaka ya tisini, kwenye ploti ambapo familia zote tulitumia bomba moja na kamba moja ya kuanikia nguo. Majirani zangu walidamka kwenda kazini, wengine viwandani, wengine sokoni. Mimi nilibaki na cherehani yangu nyumbani, nikishona sare za shule na vitambaa vya makochi, kwa hiyo funguo waliniachia mimi. Watoto wakitoka shule nawafungulia. Fundi wa bomba akija nasimama naye mlangoni mpaka amalize. Sikulipwa, wala sikudai. Nilijivuna tu, na nilijivuna sana. Mtu akikuachia ufunguo amekuachia nyumba yake, godoro lake, na vyote alivyoficha chini ya godoro.

Kisha redio kaseti ya jirani wa mlango wa mkabala ikatoweka. Kitasa kilikuwa kizima, dirisha halikuguswa, na ufunguo ulikuwa umeshinda kwangu. Jirani alikuwa rafiki yangu. Tulikopeshana chumvi, tukaimba kwaya moja. Hakunitukana. Alinitazama, akautazama msumari, akaenda kuita polisi. Wakanitoa ndani utepe wa kupimia ungali shingoni, nikapita hivyo mbele ya ploti nzima, na kulikuwa na watoto waliovaa sare nilizoshona mwenyewe.

Nililipiwa dhamana, kesi ikaanza kuahirishwa. Siku yenyewe ilipofika jirani akatoa ushahidi, na alipoulizwa kama kuna ufunguo mwingine, akakubali kwamba upo. Kakake aliwahi kuishi naye, akahama bila kuurudisha. Hakimu aliandika hilo. Nilimwona akiandika, nikaanza kupumua.

Hukumu aliisoma kwa Kiingereza, na ilikuwa ndefu. Kiingereza changu ni cha kuokoteza, lakini nilinasa habari za ufunguo wa pili, za shaka, za upande wa mashtaka kushindwa kuthibitisha. Nilikuwa nangoja karani wa korti atafsiri, niisikie kwa lugha ninayootea ndoto. Nilitaka maneno mawili tu: huna hatia. Karani akafunga faili, akanigeukia kama mtu anayefukuza kuku sebuleni.

"Mahakama imekuachilia. Enda nyumbani."

Basi. Nami, badala ya kuuliza, nikapiga goti pale kizimbani nikasema, "Asante sana, mheshimiwa." Goti lile naliona aibu mpaka leo. Mtu ambaye hakuiba anashukuru nini?

Nilidhani nikifika nyumbani nitapokewa. Vijana waliokuwa wakipiga gumzo getini wakanisalimia vizuri. "Mathe, niaje! Si tumeskia wamekuachilia? Hiyo ni poa!" Wao hawakuwa na ubaya. Lakini kwenye bomba, nilipogeuka na ndoo yangu, mmoja wa kina mama akasema, bila hata kupunguza sauti, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja."

Jumapili ndiyo iliyonimaliza. Kanisani kwetu neno kuachilia lina kazi yake. Mhubiri akisema "mwachilie ndugu yako," maana yake msamehe aliyekukosea. Tumelisikia hivyo tangu utotoni, na wengi wetu tuliotoka magharibi mwa nchi hata lugha za mama zetu hazioni tofauti, kuachilia na kusamehe ni baba mmoja mama mmoja. Ibada ilipokwisha jirani yangu akanijia mbele ya kwaya yote, akanishika mikono, machozi yakimlengalenga.

"Dada, hata mimi nimekuachilia. Kutoka moyoni kabisa."

Watu wakasema amina.

"Umeniachilia nini?" nikamuuliza.

"Yaishe, dada. Tusirudi nyuma."

"Na kakako, yeye umemwachilia? Au yeye hashtakiwi?"

Akaangua kilio. Kina mama wakamzunguka yeye, mimi nikabaki nimesimama na kitabu cha nyimbo. "Ona huyo," nikasikia. "Ameachiliwa na bado ana kiburi."

Nikaanza kazi ya kueleza. Nilieleza kwenye bomba, nilieleza kwenye kibanda cha sukuma wiki, nilimweleza hata muuza mafuta ya taa ambaye hakuniuliza. Sikuachiliwa, nilionekana sina hatia. Watu wakatikisa kichwa kwa upole: ndiyo, ndiyo, tumesikia, uliachiliwa. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyofanana na mwizi. Nikaanza kuona haya kwa jambo ambalo sikulifanya, na haya ya namna hiyo ni mbaya kuliko nyingine, kwa sababu huna pa kuitubia.

Funguo hazikurudi. Walimpelekea mama mmoja aliyeuza maandazi, ambaye nusu ya mchana hayupo nyumbani na nyumba yake mwenyewe huisahau wazi. Hakuna aliyenigombeza, hakuna aliyeninyima salamu. Mimi nilitaka waniachie funguo zao, wao wakaniachilia makosa yangu. Sikuing'oa misumari. Nilisema moyoni, siku moja mmoja atachelewa, atabisha.

Mama yangu akaja kutoka kijijini na kuku na ndizi zake. Alikuwa amefunga na kuomba muda wote wa kesi. Nilifurahi kama mtoto, maana nilijua angalau huyu sitamweleza kitu. Ndiye aliyenichapa nikiwa mdogo kwa kuokota sindano ya jirani, akanirudisha nayo hadi mlangoni kwa mwenyewe nikaombe radhi.

Tukala, nikaondoa vyombo. Akavuta kigoda karibu na cherehani. Tulikuwa wawili tu mle ndani, lakini akashusha sauti.

"Mwanangu, korti imeshakuachilia. Mambo yamekwisha, hakuna wa kukufuata tena. Sasa niambie mimi niliyekuzaa. Ile redio uliipeleka wapi?"

"Mama, sikuichukua."

Aligeuka akaitazama ile misumari mitupu nyuma ya mlango, akanipapasa mkono taratibu, vile alivyonipapasa nilipokuwa na homa.

"Haya, mama. Hata mimi nimekuachilia."

Nilikuwa na maneno yote tayari. Ufunguo wa pili, kaka, shaka, hakimu. Yalikuwa ulimini, nimeyasema mara nyingi mno.

"Asante, mama," nikasema.