Ulimi Wangu Kazini: Tulivyoonja Tumbaku ya Kiko Lilongwe

Siku yangu ya kwanza kazini Lilongwe nilipewa kiko, glasi ya maji na kiti, nikaambiwa: vuta. Nilicheka mbele ya watu. Kwetu, milimani juu ya Bukavu, mwanamke mtu mzima kuvuta kiko si ajabu, lakini kulipwa kwa kuvuta ni jambo ambalo marehemu mama yangu asingeliamini hata ukiapa. Ninyi wajukuu mnaoniuliza nilifanya kazi gani, jibu ndilo hili: nilikuwa mwonjaji wa tumbaku, na nilikuwa hodari.

Sikuanzia hapo. Nilifika Dzaleka, kambi ya wakimbizi hapa Malawi, wakati wa vita vya pili vya Kongo, na binti yangu Riziki mgongoni. Wenzangu waliojua kushona walishona. Mimi sindano ilinishinda, nikaenda Madisi kuchambua majani katika ghala la tumbaku. Huko nilijifunza majina. Tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa joto ndani ya bani, kijumba chenye mabomba ya moto, kwa siku chache tu. Jani linakuwa la manjano na sukari yake inabaki ndani. Tumbaku ya hewa hutundikwa kivulini majuma mengi mpaka iwe kahawia, na sukari yake karibu yote inakwisha. Msimamizi wa Ghala, mama wa Kichewa asiyependa mchezo, aliniona nikitenga majani kwa kuyanusa tu, macho yangu yako kwingine. "Huyu msimpe fagio," akawaambia watu wake. Yeye ndiye aliyenipeleka Lilongwe.

Pale mjini palikuwa na nyumba ndogo ya biashara iliyochanganya tumbaku ya kiko kwa wanunuzi wa ng'ambo. Mkubwa wetu, Meneja wa Mchanganyiko, alikuwa Mmalawi aliyekulia Mbeya, kwa hiyo Kiswahili chake kilinyooka kuliko chetu. Tulikuwa waonjaji watatu, wote wanawake wa Kivu: Mama Neema, Mama Zawadi na mimi. Somo la kwanza la Meneja sijalisahau.

"Mama Riziki, tumbaku kali ni kitu kimoja, na tumbaku inayouma ulimi ni kitu kingine. Usinichanganyie."

Watu wengi wanachanganya mpaka leo. Ukali hupiga kichwa na kifua. Ulimi unaumizwa na mambo mengine. Kwanza ni maji: tumbaku iliyofungwa ikiwa mbichi hutoa mvuke ndani ya kiko, na mvuke unaunguza kama wa sufuria. Pili ni sukari, ile ya jani la mvuke na ile inayoongezwa kwa kulowesha majani katika maji matamu. Sukari huifanya tumbaku iwake kwa moto mwingi. Tatu ni ukataji, maana nyuzi nyembamba huungua upesi. Jani la hewa nalo lina lawama yake: likizidi, moshi wake unakwaruza ulimi kama magadi. Kazi ya mchanganyaji ni kuyapatanisha hayo yote, na kazi ya mwonjaji ni kusema kweli kama yamepatana. Unafinya tumbaku kwa vidole: ikijikunjua taratibu, iko sawa, ikiganda kama nsima, ugali wa huku, irudishwe ikakauke. Kisha unavuta, unasukutua kwa maji, unaandika kwenye kadi "inauma" au "haiumi", unatia sahihi.

Mwaka wa tatu, shehena nzima ililalamikiwa. Mnunuzi aliandika kwamba tumbaku yetu inachoma ulimi. Meneja aliniita, akaweka kadi tatu mezani. Zote ziliandikwa "haiumi", na ya juu ilikuwa yangu.

"Tangu lini ulimi wako umekufa, mama?" akauliza. "Wakubwa wanataka niwaondoe nyote watatu. Nina mpaka Ijumaa."

Barua ya kazi ndiyo iliyoniruhusu kukaa mjini. Bila hiyo ningerudi kambini na Riziki, naye alikuwa ameanza shule pale Lilongwe na kuipenda kupita kiasi. Niliogopa, nasema wazi.

Sisi waonjaji watatu tuliketi tukaijaribu tena tumbaku ileile. Tukavuta, tukaongea, kiko kikaisha. Hakuna aliyeumia.

"Unaona?" akasema Mama Neema kwa Kiswahili chetu cha Kivu, kinachosema bale kwa wale na njo kwa ndio. "Haiume hata kidogo. Bale bazungu njo lulimi yabo iko teketeke."

Tulicheka, ingawa hatukuwa na furaha. Nikajaza kiko kingine, lakini wenzangu wakaitwa ghalani, nikabaki peke yangu. Nilivuta bila kupumzika kwa sababu ya wasiwasi. Kiko hakijafika nusu, ulimi ukawaka kama nimelamba uji wa moto. Nikakiweka chini nikakitazama, na hapo nikaona ujinga wetu.

Kwetu kiko si cha mtu mmoja. Unavuta mara mbili, unafuta mdomo wa kiko kwa kiganja, unampa mwenzako, unaleta habari. Kikirudi kwako kimeshapoa. Hiyo ni adabu, na anayeng'ang'ania kiko peke yake anaonekana mchoyo. Sisi tulikuja na adabu hiyo mpaka kazini. Kiko kimoja, wanawake watatu, kadi tatu. Mnunuzi kule kwake alivuta peke yake, upesi, akaungua.

Niliwaeleza wenzangu. Mama Zawadi akanishika mkono.

"We usiseme! Batatufukuza bote. Acha baseme bazungu njo bako na makosa."

Nilimwelewa kabisa, naye alikuwa na watoto. Lakini ulimi wangu ulikuwa bado unawasha, na sikuweza kwenda kusema hauwashi. Nilimfuata Meneja.

"Bwana, mi njo nilikosa. Hii tumbako inauma."

Nikamweleza habari ya kiko cha kupokezana. Nikachukua kadi yangu mbele yake, nikakata neno "haiumi", nikaandika "inauma", nikatia sahihi upya. Akaichukua kadi, akaisoma.

"Dawa yake nini?"

"Ipunguzwe sukari. Ikatwe pana. Ikauke siku mbili zaidi. Na kila mtu avute kiko yake."

Ijumaa alikwenda kwa wakubwa na mchanganyiko mpya, akarudi ametabasamu. Tulibaki wote watatu. Mnunuzi aliipokea tumbaku ile na kuagiza nyingine, na Riziki alisoma palepale mpaka akamaliza.

Niliendelea miaka mingi, mpaka kifua kikakataa na daktari akaniambia niache moshi. Niliacha siku ileile, na ninyi msianze. Siku ya kuaga sikupewa saa wala kitambaa. Meneja alifungua mtoto wa meza, akatoa kadi ile yenye neno lililokatwa, imechakaa pembe zote, akanikabidhi. Kumbe kila mwonjaji mpya alionyeshwa hiyo kwanza, kabla hajagusa kiko.

"Nilidhani utaona haya, ndiyo maana sikukuambia," akasema.

Haya ya nini? Nimeitia kioo, nimeitundika ukutani hapa Dzaleka, nilikorudi kazi ilipokwisha, mahali ambapo mgeni akikaa lazima aisome.