Mkono Begani kwa Guka

Mimi nina moyo wa kushuku, sikatai. Wageni wakiondoka kwangu huwa nahesabu vijiko, hata kama mgeni ni pasta. Hasa akiwa pasta. Kwa hivyo Mwalimu alipokuja kwetu Gatitu kumwomba mama picha ya guka, nilisimama mlangoni nimekunja mikono, na sikumtolea chai mpaka mama aliponikaripia.

Mwalimu ni mzee wa kanisa, amestaafu kufundisha, na kanisa letu limempa kazi ya kuandika kitabu cha historia: nani alileta injili kwenye vilima hivi vyetu, nani alibatizwa kwanza, nani alibeba mawe ya kujengea. Wamishonari wazungu wameshaandikwa wakatosha, alisema. Sasa alitaka watu wetu wenyewe. Guka, baba yake mama, alikuwa mmoja wao. Alitembea kwa miguu mpaka Doldol kuhubiria wafugaji, Biblia kwapani na viazi vitamu mfukoni. Wakati wa Hali ya Hatari, enzi za mkoloni, watu wenye bunduki walibisha Jumapili mchana, wakaondoka naye, na hadi leo hatujui alikozikwa. Tulichobaki nacho ni ile picha moja.

Ilikuwa ndogo, inaenea kiganjani. Guka amesimama kando ya ng'ombe, koti limemzidi mabega, na begani kwake kuna mkono. Mkono tu, na kipande cha shati. Mwenye mkono hayupo. Picha imeishia hapo. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni mkono wa Mungu, nikamwambia mama hivyo, akanitandika. Sikuuliza tena.

"Nitairudisha Ijumaa," Mwalimu alisema. Ijumaa ikapita. Nikampigia simu, akasema kesho. Kesho ikawa wiki, na wiki zikawa tatu. Huku nyumbani macho ya mama yalikuwa yanaisha. Daktari alishasema jicho la kushoto limeenda na la kulia liko njiani, na kila asubuhi mama aliniuliza kitu kimoja: "Baba yangu amerudi?" Alitaka kumwona mara moja tu, kabla hajashindwa kabisa. Haki, nilimchukia yule mzee. Akilini nilishaona kitabu kimetoka, na chini ya picha ya guka pameandikwa jina la babu wa mtu mwingine, tajiri fulani aliyenunulia kanisa viti.

Jumatano nikafunga duka langu la nafaka nikaenda mpaka ofisi ya kanisa. Mwalimu alikuwepo. Aliponiona alishtuka, kisha akasema, "Karibu, keti, nikuletee chai kwanza." Ati chai! Kabla hajafika jikoni nilikuwa nimeshafungua faili iliyokuwa mezani.

Guka alikuwa humo. Na kando yake, pale mkono unapoishia, palikuwa na mwanamume mzima, mrefu, anacheka, ameunganishwa na guka kwa selotepu. Mzee huyu amebandika mtu wake kwa guka yangu! Nikachomoa picha pamoja na karatasi iliyobanwa nyuma yake, nikatumbukiza kwenye mkoba, nikatoka bila kuaga. Kuiba kanisani, tena mchana. Sikujali.

"Mami, ona!" nilisema kabla sijaketi. "Huyo Mwalimu wako ni mwongo. Ameshikanisha mtu wake hapa."

Mama alibeba picha mpaka dirishani, akaisogeza karibu na pua. Alimtazama baba yake kwa muda mrefu. Kisha kidole chake kikateremka penye selotepu, polepole, kutoka juu mpaka chini.

"Na huu mkono," akasema, "ulidhani ni wa nani?"

Nikainama nitazame alipoweka kidole.

"Nilimkata mimi. Na makasi ya kushonea."

Akaniambia yote akiwa bado amesimama. Yule mtu alikuwa rafiki ya guka. Walihubiri pamoja, walilala njaa pamoja. Kila Jumapili alikula kwao. Jumapili ile watu wenye bunduki walipokuja, hakuwepo. Mama alikuwa msichana wa miaka kumi, akajiuliza: mbona leo tu? Alipofika umri wa kuolewa, hakuwa anajiuliza tena. Alikuwa ana hakika. Rafiki huyo alipokufa, mama alikata picha, akaenda kwenye maziko, akamtupia mjane ile nusu mbele ya watu, akamwambia chukua msaliti wako. Watu wakaamini. Nani angembishia binti wa aliyechukuliwa?

"Huyo mjane ni cucu yake Mwalimu, mama ya baba yake," mama akasema. "Aki alitunza hiyo kitu. Miaka yote hiyo."

Hapo nikakumbuka karatasi. Ilikuwa fotokopi ya ukurasa wa daftari la maziko la kanisa moja kule Murang'a. Nilimsomea. Jumapili ile ile, rafiki ya guka alikuwa Murang'a akimzika dada yake. Jina lake liliandikwa kama mtu aliyeomba kaburini. Mwalimu hakuwa amekataa kuturudishia picha. Alishindwa jinsi ya kuileta kwa mama.

"Mami, kwani nani alikuambia ni yeye aliwaita?"

"Hakuna." Akanigeuzia uso. "Nilishuku tu. Kama wewe."

Aibu ilinishika mpaka masikio.

Mama ni wa wale ndugu wa zamani waliookoka, ambao mtu akiwa na neno moyoni juu ya mwenzake husimama mbele ya wote akalitaja. Hukutana Alhamisi alasiri. Katika mikutano hiyo mama ametubu hasira, ametubu kumpiga ng'ombe wa jirani, ametubu hata kutamani gauni la mtu. Hili hakuwahi kulitubu, kwa sababu hakujua ni dhambi.

Mimi huwa namsindikiza tu. Kesho yake, Alhamisi, nilimrudishia Mwalimu ile picha na karatasi yake, nikamwomba msamaha huku nikitazama viatu vyangu. Kisha mama akasimama, akinishika mkono, akasema alichofanya. Hakupunguza kitu. "Hakuna mtu aliniambia," alimaliza. "Nilishuku, nikasema ni kweli."

Kwa desturi mtu akitubu ndugu huanza kuimba hapo hapo. Siku hiyo hakuna aliyeimba.

Mwalimu alisimama, picha mkononi. "Cucu yangu alikufa akiitwa bibi ya msaliti," akasema. "Hapa kanisani hakuna mtu alikaa na yeye kwa benchi moja." Akaigusa selotepu kwa kidole. "Hiyo nayo niandike?"

"Andika. Na useme ni mimi."

Alitoa kalamu mfukoni, akafungua daftari lake juu ya goti.

"Nianze wapi, Mama?"

Mama aligeuka pale sauti ilipotokea.

"Anza na makasi," akasema.